Calgacus hakusema hivyo

Najua nimepotea, wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko, nipo, ni tasnifu tu imenikalia shingoni. Niliahidi kuandika habari za foleni ya kafeteria lakini hizo zitasubiri. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu Alhamisi usiku, bora nikiteme.

Waliokuwepo kwenye mdahalo wanajua ninachotaka kusema. Kwa ambao hamkuwepo: mada ilikuwa kwamba dola kubwa huleta amani. Upande wa kupinga akasimama jamaa wa mwaka wa pili, msemaji kweli kweli, koti la kuazima na sauti haihitaji maiki. Akatuambia kwamba karibu miaka 2000 iliyopita kule Scotland kulikuwa na kiongozi mmoja anaitwa Calgacus, akasimama mbele ya watu wake majeshi ya Kirumi yakiwa yanakuja, akawaeleza dola ni kitu gani. Halafu akamwaga ile sentensi maarufu ya jangwa na amani. Mnaijua, siirudii. Ukumbi ukalipuka. Watu wamepiga meza, dada mmoja mbele yangu akafuta machozi, jaji mmoja akasahau kuandika.

Ulipofika wakati wa maswali nikanyoosha mkono. Nikasema taratibu tu: ndugu yangu umeongea vizuri, ila Calgacus hakusema hayo. Yaliandikwa kwa Kilatini na Tacitus, seneta wa Roma, na jenerali wa jeshi lililokuwa linakuja alikuwa baba mkwe wake. Basi. Nikazomewa. Mtu huko nyuma akapiga kelele "kibaraka!" Nikiwa natoka mlangoni kuna mwana ananifahamu tangu mwaka wa kwanza akaniambia nimetumwa na wakoloni kumnyang'anya mnyonge hata maneno yake.

Hapo ndipo pananiuma. Kwa sababu anayemnyang'anya mnyonge maneno yake si mimi. Mnyang'anyi ana miaka 1900 na zaidi tangu afanye kazi yake, na sisi kila muhula tunamsaidia kubeba mzigo.

Kabla sijaendelea nikiri. Mwaka wa kwanza, kwenye mdahalo wa mabweni, mimi mwenyewe nilitumia sentensi hiyo hiyo. Nilipigiwa makofi hayo hayo, nikapewa zawadi ya kaunta buku mbili. Sikuwa nimesoma Tacitus hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nimeitoa kwenye karatasi moja ya nukuu mashuhuri iliyokuwa inazunguka kwa fotokopi. Kwa hiyo hasira hii nusu yake ni yangu mwenyewe.

Sasa twende kwenye ukweli wenyewe. Kitabu kinaitwa Agricola, Tacitus alikiandika mwaka 97 au 98 BK, ni habari za maisha ya huyo baba mkwe wake Gnaeus Julius Agricola aliyekuwa gavana wa Britania. Vita vinavyozungumzwa vilipiganwa mwaka 83 au 84 BK, mahali panapoitwa Mons Graupius, na mpaka leo wataalamu wanabishana mahali hapo ni wapi. Calgacus anatokea kwenye kurasa hizo chache, anahutubia, halafu anapotea. Hatuambiwi kama aliuawa au alikimbia. Hakuna mwandishi mwingine wa kale anayemtaja hata kwa jina. Mtu huyu, kama aliishi, anaishi ndani ya kitabu cha mkwe wa mshindi tu.

Na hotuba yake ni Kilatini safi cha mtu aliyesomea kuhutubia, yenye mizani na mapigo ya aina ile waliyokuwa wanafundishwa vijana wa matajiri wa Roma. Ikiisha tu, Agricola naye anasimama anajibu kwa hotuba yake. Moja upande huu, moja upande ule, kama sisi ukumbini Alhamisi. Nani alikuwa anaandika huko upande wa Wabritoni? Nani alitafsiri? Tacitus hatuambii. Ila kuna neno dogo ameliweka mwanzoni kabisa ambalo kwenye karatasi za nukuu halipo: kwamba Calgacus inasemekana aliongea kwa namna hii. Inasemekana. Kwa namna hii. Mzee wa watu alituachia taa ya onyo, sisi tumeing'oa.

Msidhani ni ujanja wa Tacitus peke yake. Ndiyo ulikuwa utaratibu. Thucydides, Mgiriki wa Athens aliyeandika vita vya Athens na Sparta, aliwaambia wasomaji wake mapema kabisa kwamba kukumbuka maneno yaliyosemwa neno kwa neno kulikuwa kugumu, kwake na kwa waliomsimulia, kwa hiyo amewapa wasemaji maneno yaliyoipasa hali yenyewe, huku akikaa karibu awezavyo na maana ya jumla ya kilichosemwa kweli. Sentensi hiyo imewalisha wasomi kwa vizazi, maana nusu yake ya kwanza inakuruhusu kutunga na nusu ya pili inakukataza. Na kila anapoleta hotuba, mara nyingi anatanguliza neno la Kigiriki lenye maana ya "mambo kama haya", wala hasemi "haya hapa".

Chukua mazungumzo ya Melos, mwaka 416 KK. Athens inakitaka kisiwa, wajumbe wake wanakaa faragha na viongozi wa Melos, bila wananchi kusikia, wanabishana kuhusu haki na nguvu. Kila kozi ya siasa inayasoma kama vile kuna mtu alikuwa na kinasa sauti chini ya meza. Thucydides hakuwepo. Alikuwa uhamishoni tangu 424 KK, alipopoteza mji wa Amphipolis akiwa kamanda. Na watu wa Melos waliposalimu amri, wanaume walioshikwa waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Sasa niambie, maneno ya viongozi wa Melos aliyapata kwa nani?

Kuna mwingine, Josephus, Myahudi aliyehamia upande wa Roma. Anatupa hotuba ndefu ya Eleazar kule ngome ya Masada, mwaka 73 au 74 BK, akiwashawishi watu wake wajiue kuliko kukamatwa. Kwa hesabu ya Josephus mwenyewe walionusurika ni wanawake wawili na watoto watano waliojificha kwenye mfereji wa maji. Na hotuba ya Eleazar, katikati ya usiku ule, inachambua roho na mwili kama mwanafunzi wa Plato. Naambiwa wale wanawake walisimulia vizuri sana. Sawa. Falsafa yote ile, mtu ameshika mtoto mdomo asilie?

Nilianza kuelewa mambo haya mwaka jana nilipokutana na kitabu cha A. J. Woodman, mtaalamu wa Kilatini wa Uingereza, cha mwaka 1988, kinachohusu balagha kwenye uandishi wa historia wa kale. (Balagha ni ile sanaa ya kushawishi kwa maneno, wale wa Kiswahili mnaijua.) Nakala niliyopata ni fotokopi ya fotokopi, kurasa zingine zimekatwa pembeni, unabahatisha mwisho wa mistari. Lakini nilisoma usiku kucha. Hoja yake kwa kifupi: sisi tunawasoma watu hawa kama vile ni wanahistoria wa leo waliokosa mashine tu. Sivyo. Walikuwa wanafunzi wa shule za kuhutubia. Cicero anapoeleza historia inavyoandikwa anatumia mfano wa jengo: msingi ni kusema kweli bila upendeleo, ila jengo lenyewe ni mambo na maneno. Woodman anasema ukweli hapo ulimaanisha kutopendelea, na jengo lilijazwa kwa kubuni, yaani kutafuta kile ambacho kingeweza kuwa kimetokea.

Na shule hizo zilikuwaje? Zilikuwa midahalo, jamani! Mwalimu anakupa hali ya kihistoria, wewe unatunga. Seneca Mzee ametuhifadhia mifano: Alexander anashauriwa, avuke bahari kuu au arudi? Cicero anashauriwa, amwombe Antonius msamaha au afe? Kijana wa miaka 16 anasimama anatunga. Akikua anakuwa seneta, akistaafu anaandika historia, na mkono unajua njia. Huyu Cicero, mwaka 55 KK, alimwandikia rafiki yake Lucceius barua akimwomba aandike historia ya uongozi wake na amsifu hata zaidi ya anavyoamini, kidogo asizijali sheria za historia. Aliomba bila aibu, kwa maandishi. Maana yake alijua sheria zipo, alikuwa anaomba zilegezwe.

Hilo la mwisho ndilo linanifanya nisimfuate Woodman mpaka mwisho wa barabara. J. E. Lendon, Mmarekani, alimshambulia vikali mwaka 2009, na nadhani kwa sehemu yuko sahihi: watu hawa walikuwa wanakamatana uongo. Polybius alitumia karibu kitabu kizima kumchana Timaeus, na kosa mojawapo analomshitaki ni hilo hilo, kutunga hotuba badala ya kutafuta kilichosemwa. Huwezi kumshitaki mtu kwa kosa ambalo hakuna anayelijua. Kwa hiyo msimamo wangu, kama mnautaka: kwenye hotuba, na hasa za vitani, Woodman ameshinda. Kwenye kwamba vita vilipiganwa na nani alikuwa konseli mwaka gani, naona amesukuma gari mpaka mtaroni.

Kuhusu hotuba za vitani, kuna Mdenmark Mogens Herman Hansen, mwaka 1993 aliuliza swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeuliza: nani alisikia? Tacitus anasema Wabritoni walikuwa zaidi ya 30,000. Sisi ukumbini tulikuwa kama mia mbili na waliokaa nyuma walikuwa wanauliza "kasemaje?" Hansen akasema kamanda wa kweli alitembea mbele ya mistari akirusha maneno machache hapa na pale; hotuba kamili mbele ya jeshi zima ni kazi ya vitabuni. Wapo waliompinga. Mimi nikikumbuka mkutano wa serikali ya wanafunzi bila spika naona ana hoja.

Sasa njoo upande wa pili, maana kuna wengine nao wananichosha. Mwenzangu wa chumbani, mtu wa uhandisi, aliponisikia akasema basi wote waongo, tupa vyote, ndiyo maana historia haina kanuni. Huyo nilimjibu kwa Lyon, na naomba mnivumilie hapa maana ni kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Mwaka 48 BK kaizari Claudius alihutubia seneti akitaka watu wakubwa wa Gallia, yaani Ufaransa ya leo, waruhusiwe kuwa maseneta. Tacitus ameiweka hotuba hiyo kwenye historia yake aliyoiandika miongo mingi baadaye. Sawa. Halafu mwaka 1528, mfanyabiashara wa vitambaa huko Lyon akakuta kwenye shamba lake la mizabibu bamba kubwa la shaba nyeusi lenye maandishi. Ni hotuba ya Claudius! Watu wa kule waliichonga kwa furaha. Sehemu ya juu imepotea, lakini iliyobaki inatosha kuweka mbili sambamba, kama msahihishaji anayeshika mtihani na desa.

Na ni kichekesho. Kwenye bamba Claudius ni mhadhiri tunayemjua sote. Anaanza na wafalme wa zamani wa Roma, jinsi wengine walivyokuwa wageni, halafu anachepuka kueleza utata wa jina la mfalme mmoja kwa mujibu wa vitabu vya Waetruria, maana alikuwa mtafiti wa mambo hayo. Anamtukana mtu bila kumtaja jina. Mpaka anafika mahali anajiambia mwenyewe kwa jina lake kwamba sasa umefika wakati uwaonyeshe maseneta hotuba yako inaelekea wapi. Tacitus amekata yote hayo. Habari za wafalme amezibana kwenye maneno machache, mambo ameyapanga upya, Kilatini chote ni chake. Claudius wake hachepuki, hajikwai, anatiririka. Lakini hoja kuu, kwamba Roma ilikua kwa kuwapokea wageni, ipo. Ile ile.

Kwa hiyo mwenzangu wa uhandisi, kanuni ipo, angalau kwa siku hiyo moja tunayoweza kuipima: hoja imebaki, sauti imebadilishwa. Ila angalia tofauti. Claudius alisema Roma, ndani ya seneti, kwa Kilatini, kumbukumbu zikatunzwa, na Tacitus mwenyewe alikuwa seneta anayeweza kuzifikia. Kule mlimani Scotland hakukuwa na karani. Kama kaizari wa Roma mwenye makarani alinyooshwa kiasi kile, unafikiri Calgacus alibakiziwa nini?

Mwana aliyeniita mtumwa wa wakoloni atasema, hata hivyo, si maneno ni ya kweli? Si dola ndivyo zilivyo? Ndiyo, ni ya kweli. Ndiyo sababu nataka yarudi kwa mwenyewe. Aliyeyaandika alikuwa Mrumi, aliyepanda vyeo chini ya Domitian, kaizari aliyewanyamazisha watu kwa miaka 15 mpaka alipouawa mwaka 96. Tacitus anakiri kwenye kitabu hicho hicho kwamba yeye na wenzake walinyamaza. Halafu mtu huyo, alipopata tu pumzi, akakaa kumsifia baba mkwe wake aliyeipanua dola, na ndani ya sifa hizo akaiwekea dola mashitaka makali kuliko yote yaliyobaki kwa Kilatini, kinywani mwa adui. Kwa nini? Alikuwa anaamini? Alikuwa anafanya zoezi la shule kwa ustadi? Alikuwa anajisema yeye na maseneta wenzake waliokuwa watumwa wa Domitian? Hayo ndiyo maswali. Ukisema "Calgacus alisema" umeyafunga yote.

Na umefunga kingine. Siku ile walikufa Wabritoni kama 10,000 na Warumi 360, kwa hesabu ya Tacitus, yaani ya nyumbani kwa mshindi. Katika wale 10,000 hatuna neno la hata mmoja. Tukishangilia hotuba ile tunajisikia kana kwamba tumewasikia. Tunatoka ukumbini tumeshiba. Kumbe tumekula kwenye sahani ya aliyewapiga, na bado hatujui yule kijana wa mstari wa mbele alimwambia nini mama yake asubuhi ile, wala kwa lugha ipi.

Nimeandika kwa ukali, na kuna sababu ambayo sikuisema ukumbini. Mnajua tasnifu yangu ni ya manamba wa mashamba ya mkonge kule Tanga. Likizo nilikaa na mzee mmoja, ameshavuka miaka 80, alikata mkonge tangu ujana wake. Nilimuuliza alijisikiaje kuitwa kwa namba. Akakaa kimya muda mrefu. Akakohoa. Akasema, "Kazi ilikuwa kazi, mjukuu wangu. Ukimaliza kipande chako unalala." Halafu akauliza kama nimekunywa chai.

Kwenye rasimu ya sura ya tatu mzee huyo anasema sentensi nzuri ajabu, kuhusu jina na namba na jua. Nimeitunga mimi, saa nane za usiku, bwenini. Nilijiambia ndicho alichomaanisha. Niliweka alama za kunukuu kabisa na umri wake kwenye mabano. Msimamizi wangu aliizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni: safi sana.

Ijumaa asubuhi, baada ya kuzomewa na kulala vibaya, nilisikiliza tena sauti kwenye simu. Kimya chake ni sekunde 19, nimehesabu mara mbili. Nimeifuta ile sentensi. Nimeweka kikohozi, kipande na chai. Sura imekuwa nyembamba, na msimamizi ameshauliza ile nukuu imekwenda wapi. Naonana naye Jumatatu saa nne.

Kafeteria wiki ijayo, nikiwa bado nipo.